Kuuangalia Mkono wa Mwenzio

Dilwyn Probert alikuwa mchezaji wa kulipwa wa snuka, ule mchezo wa mezani wa kuingiza mipira matunduni kwa fimbo, kwa miaka ishirini na moja, na katika miaka yote hiyo televisheni ilimwonyesha mara mbili tu, zote mbili akiwa amekaa kitini na glasi ya maji huku mwenzake akimaliza mipira mezani. Kombe hana. Aliwahi kufika robo fainali moja huko Uchina, ikachezwa saa ambazo bonde zima la kwetu lilikuwa linakoroma. Lakini msimcheke. Duniani kote kuna watu mia na kidogo tu wanaoruhusiwa kuitwa wachezaji wa kulipwa, na Dilwyn alikuwa mmoja wao. Bondeni kwetu migodi ilifungwa, viwanda vikafuata, na mtu anayekwenda kazini amevaa kizibao na tai ya kipepeo si mtu wa kuchezewa.

Tatizo ni kwamba kila mwaka, mwezi wa nne, wakubwa wa mchezo wanapiga mstari kwenye orodha. Sitini na wanne wa juu wanabaki, walio chini ya mstari wanavuliwa hadhi hiyo. Mwaka huo Dilwyn alikuwa wa sitini na sita. Lilibaki shindano moja tu, lile kubwa la mwisho wa msimu, na mechi yake ya kwanza ya mchujo ndiyo ingeamua. Akishinda, anabaki. Akishindwa, anarudi nyumbani mwanamume wa miaka arobaini na mitatu asiyejua kazi nyingine yoyote chini ya jua, maana shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita ili acheze snuka. Shemeji yake, kaka wa mkewe Meinir, alikuwa ameshamwekea nafasi kwenye gereji ya matairi.

"Si kwamba nakuombea mabaya," Meinir alimwambia huku akimkunjia shati. "Lakini ujue kabisa pa kuangukia."

"Nikianguka, bibie, nitaangukia uso."

Meinir hakucheka. Dilwyn mwenyewe hakucheka pia, na alikuwa amekusudia kuchekesha.

Na huko kuanguka alikuwa anajua kutatoka wapi. Kutatoka kwenye mkono wake wa kulia. Mkono ulianza kukataa amri majira ya baridi ya mwaka juzi. Mpira rahisi, wa kuingizwa na ajuza kikongwe, mwekundu umekaa mdomoni kabisa mwa tundu. Dilwyn anainama, anavuta fimbo nyuma vizuri, halafu mkono unaganda. Hauendi mbele. Anauambia nenda, hauendi. Kisha unaruka wenyewe ghafla bila ruhusa, na mpira mweupe, ule wa kupigia mingine, unakwenda unakojua wenyewe. Ajabu ni kwamba mipira migumu alikuwa anaiingiza. Iliyokuwa inammaliza ni ile rahisi, kwa sababu mpira mgumu haukupi nafasi ya kuogopa.

Wachezaji wanaujua ugonjwa huo. Una jina lake, ila hakuna anayelitaja. Wanasema tu "ile". Umesikia? Fulani naye amepata ile. Na mtu akishajulikana kuwa nayo, tazama wenzake wanavyofanya akiinama mezani: mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anafuta fimbo iliyokwisha kufutwa, wa tatu ghafla anapendezwa na dari. Hakuna anayeuangalia ule mkono. Wanaamini ile inaambukiza kwa macho. Ndiyo, watu wazima hao, wenye watoto na leseni za kuendesha magari! Ukiuangalia mkono unaoganda, wanasema, unaondoka nao kichwani, na siku moja wako nao unaganda. Ukiwauliza watakuambia ni upuuzi mtupu, halafu wataendelea kuangalia dari.

Royston Tudball hakuangalia dari.

Huyu Royston ndiye aliyekuwa mwenzake Dilwyn wa mazoezi, mchezaji wa kulipwa vilevile, kapera, mdomo mrefu, mtu wa kula mkate wa bekoni akiwa amesimama. Walikuwa wakicheza pamoja mwaka wa kumi na mmoja huo, kila asubuhi, juu kwenye ukumbi uliojengwa na wachimba makaa enzi za babu zao, kwenye meza ya dirishani, maana nyingine mbili zilikuwa zimefunikwa na haziguswi tena. Siku mkono wa Dilwyn ulipoganda mara ya kwanza, mpira ukaenda kombo, Dilwyn akasimama amekauka. Royston akaweka mkate wake chini.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichofanya sasa hivi, we mwehu. Rudia nikione."

Akazunguka meza, akachuchumaa nyuma ya tundu, kidevu juu ya mbao, akautumbulia macho mkono wa Dilwyn. Dilwyn akainama tena. Ukaganda tena.

"Acha, Roy. Toka hapo. Utaikamata."

"Nikamate nini, mafua? Rudia."

Akachuchumaa hapo majira mawili ya baridi. Si mchezo. Magoti yakawa yanalia akisimama. Mtu mwenye mechi zake, mwenye njaa yake, anamaliza asubuhi yake ameukodolea mkono wa mwenzake mpira baada ya mpira, anapiga kelele, "Hapo! Umeona? Hapo ndipo unapokufa!" Na ni yeye aliyegundua. Mkono ulikuwa unaganda pale macho ya Dilwyn yanapouacha mpira mweupe kuuendea mwekundu, kama inavyotakiwa, kama kila mchezaji anavyofundishwa tangu utotoni. "Basi usihame," Royston akamwambia. "Baki na mweupe. Huo mwekundu uache, unajua ulipo, hauna miguu." Ni kinyume cha mafundisho yote. Lakini mkono ukaanza kwenda. Haukwenda siku zote, ila ulikwenda siku za kutosha, na Dilwyn akaweza kuvuka msimu bila mtu mwingine kujua, hata Meinir.

Sasa droo ya mechi ile ya mchujo ikatoka. Probert na Tudball.

Dilwyn aliisoma kwenye simu akiwa jikoni, akaketi. Royston alikuwa wa arobaini na moja. Yeye yuko salama, ashinde asishinde. Na ndiye mtu pekee duniani anayejua mkono wa Dilwyn unafia wapi.

Desturi iko wazi: wanaofanya mazoezi pamoja wakipangwa kucheza wao kwa wao, wiki hiyo wanaachana. Kila mtu na saa zake, hakuna kuulizana habari. Ila safari ilikuwa moja, kwa sababu gari la Royston lilikufa tangu Krismasi, na nauli ya treni ya kwenda kule kaskazini ni wizi wa mchana.

"Usije ukanionea huruma," Dilwyn alimwambia njiani.

"Huruma? Mimi? Nitakufunga sita bila, halafu utanirudisha nyumbani na utaninunulia chai."

"Utarudi na basi."

"Nitarudi kiti cha mbele, na redio nachagua mimi."

Walicheka. 

Michujo haichezwi kwenye majumba yenye taa mnayoyaona kwenye televisheni. Inachezwa kwenye jumba la michezo la mtaani, meza nane zimetenganishwa na mapazia meusi, nyuma ya ukuta kuna bwawa la kuogelea, na harufu ya dawa ya maji inakukaa kooni mpaka jioni. Watazamaji wao walikuwa wachache wa kuhesabika, na mmoja alikuja na sweta lake la kufuma. Atakayetangulia kushinda gemu sita ndiye anayeendelea.

Dilwyn alikuwa amejiandaa kuchinjwa. Aliamini Royston atamwachia mipira ile rahisi, iliyonyooka, ya kuua, na kwa kweli angekuwa na haki ya kufanya hivyo. Mchezo ni mchezo. Hakumwachia. Royston alicheza haraka haraka, hata hakukaa vizuri kwenye mpira kabla ya kupiga, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mipira ya mbali anaiingiza, ya karibu anaipita na kucheza kujilinda, anaurudisha mweupe nyuma ya meza. Mara mbili Dilwyn alijiuliza, huyu vipi leo? Lakini hakumwangalia. Kwenye kiti chake alikuwa anaangalia mipira tu, au zulia. Tangu mkono wake uanze vituko, hakuwa anamwangalia mchezaji yeyote mkono. Alikuwa na woga wake tayari, hakutaka kuongeza wa watu.

Gemu zikaenda nipe nikupe mpaka tano kwa tano. Gemu ya mwisho. Mipira ikapungua ikabaki mitatu mezani, bluu, pinki na nyeusi, na walivyokuwa wamekaribiana kwa alama, atakayeingiza bluu na pinki ndiye mshindi. Zamu ilikuwa ya Royston.

Na bluu ilikuwa wazi. Imenyooka na tundu la katikati, mweupe uko karibu nayo. Dilwyn aliona yote kwa mara moja, kama anavyoona mtu wa kazi hiyo, akajua amekwisha. Akaanza kuifungua tai yake shingoni. Aliwaza harufu ya matairi. Aliwaza ovaroli ya shemeji yake yenye jina limeshonwa kifuani. Ilimuuma kiasi kwamba alishika kingo za kiti.

Kisha akausikia mlio, na mlio haukuwa wenyewe.

Bluu ilikuwa imegonga mbao mbali na tundu, mbali kabisa, ikazunguka meza na kwenda kutulia mdomoni mwa tundu la upande wa pili. Mama wa sweta akasema, "Loo!" Refa akatangaza alama kwa sauti ileile ya kila siku. Royston akarudi kitini, akakaa, akaweka mikono katikati ya magoti.

Dilwyn akabaki amekodoa macho mezani. Mpira ule Royston hakosi. Royston hata akiwa amelewa, hata kwa mkono wa kushoto, hakosi mpira ule. Damu ikampanda usoni. Amenipa. Mjinga huyu amenipa! Yeye yuko salama, mimi nazama, basi amenitupia kamba kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Mbali na aibu, hilo ni kosa linalofungiwa maisha. Wakubwa wa mchezo wakinusa tu, wote wawili hawataruhusiwa kushika fimbo popote. Na kibaya zaidi, Dilwyn alijua ataipokea. Alijua kabla hajasimama.

Akasimama. Akaingiza bluu. Ikabaki pinki, mpira rahisi, umenyooka, wa aina ileile inayomuua. Akainama. Akavuta fimbo nyuma na kuusikia mkono ukianza kuwa mzito. *Baki na mweupe. Huo mwingine hauna miguu.* Akabaki na mweupe. Mkono ukaenda. Pinki ikaingia na hakuiona ikiingia, aliisikia.

Royston alikuja na mkono mbele. Kiganja chake kilikuwa kimelowa chapachapa.

"Hongera, Dil."

"Umefanya nini?" Dilwyn akamnong'oneza.

"Nimesema hongera."

Kule koridoni Dilwyn alimpigia simu Meinir. Meinir alipiga ukelele, akacheka, akalia, akasema atapika nyama ya kondoo na viazi, na kaka yake atamwambia mwenyewe hiyo nafasi ampe mtu mwingine. Dilwyn akasema, "Sawa, mpenzi. Sawa." Furaha aliitafuta mwilini hakuiona.

Walikuwa wameshaingia barabara kuu, mvua nyepesi kiooni, alipolipuka.

"Nilikwambia usinionee huruma! Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulisema."

"Sasa ile nini? Bluu ile! Unanifanya mimi mtoto? Unanifanya ombaomba? Watu wana macho, Roy. Yule refa ana macho. Unataka tufungiwe sote kwa ajili ya roho yako nzuri?"

"Simamisha gari."

"Sisimamishi gari popote mpaka unijibu."

"Dil. Nahitaji chai. Simamisha."

Wakasimama kwenye vibanda vya njiani. Wakanunua chai na chipsi, wakakaa ndani ya gari, vioo vikajaa ukungu. Royston hakula. Alikishika kile kikombe cha karatasi kwa mikono miwili.

"Sikukupa," akasema.

"Mungu wangu, Roy, mimi si—"

"Sikukupa! Nilitaka kukufunga. Nilitaka sana, samahani lakini ndivyo. Nilikuwa na bluu na pinki, nikavuta fimbo nyuma, mkono ukaganda."

Dilwyn akaacha kutafuna.

"Tangu mwezi wa kumi na moja," Royston akasema. "Mwanzoni kwenye mipira mifupi tu. Sasa hivi yote iliyonyooka. Ndiyo maana nakimbiza kimbiza. Nikipiga haraka, wakati mwingine hautambui."

"Si kweli."

"Kumbe unadhani gari lilikufa? Gari limeegeshwa kwa mama yangu, zima kabisa. Nimeogopa kuendesha. Siku moja nilitaka kubadilisha gia, mkono ukakataa."

Lori likapita, gari likatikisika. Dilwyn alitafuta la kusema. Alilolipata lilikuwa baya, akalisema hivyo hivyo: "Mbona hukuniambia?"

"Tunacheza meza moja kila asubuhi, Dil. Miezi mitano. Nilidhani utaona." Royston akafuta kioo kwa kiganja, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama. "Mimi wako niliuona siku ya kwanza."

Hapo ndipo Dilwyn alipotamani afungiwe maisha, amalize.

"Inatoka kwangu?" akauliza.

"Hayo ni maneno ya vijiweni."

"Ndiyo. Maneno ya vijiweni tu."

"Upuuzi."

"Upuuzi mtupu."

Lakini hakuna aliyemwangalia mwenzake, na chipsi zikapoa. Royston akasema, kama anazungumzia hali ya hewa, kwamba alama zake nyingi za kupangiwa nafasi ni za mwaka juzi, zinafutwa kiangazi hiki, kwa hiyo mwakani atakayekuwa anapigania mstari ni yeye. "Ila nina muda," akasema. "Wewe tulikutoa. Majira mawili, tukakutoa. Tutaanza Jumatatu, sivyo?"

"Jumatatu," Dilwyn akasema, akawasha gari.

Jumapili Meinir alipika kama alivyoahidi. Shemeji mtu wa matairi akaja na bia, akampiga Dilwyn mgongoni, akasema bonde zima linajivuna. Dilwyn alikula. Ratiba ya raundi inayofuata ilikuwa imetoka: Jumatano, na mchezaji mmoja dhaifu, ambaye akimfunga ataingia kwenye jumba lenyewe lenye taa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliipitia ratiba hiyo kila mara alipokwenda msalani. Kila alipoweka simu mfukoni aliukunja mkono wa kulia na kuukunjua.

Jumatatu asubuhi alipopanda ngazi za ukumbi, Royston alikuwa ameshafika. Amenyoa ndevu. Amepanga mipira myekundu kwenye mstari mmoja ulionyooka kuelekea tundu la pembeni, ameipiga meza brashi, amewasha hita. Na ukimjua Royston, ambaye hajawahi kufika mahali popote wa kwanza, ungejua amelala macho wazi.

"Haya, daktari," akasema. "Kachuchumae pale. Usinihurumie, niambie unachoona tu. Mimi nikiwa nimeinama sioni kitu."

Dilwyn akavua koti taratibu. Akalitundika, likaanguka, akalitundika tena. Akazunguka meza mpaka nyuma ya tundu, akachuchumaa, akaweka kidevu juu ya mbao. Kutoka pale mkono wa Royston ulikuwa wazi mbele yake, mkono mnene wenye alama ya kuungua tangu utotoni, umeikamata fimbo kwa nguvu kuliko inavyopaswa. Royston akainama. Akapumua. Fimbo ikaanza kurudi nyuma.

Dilwyn akawaza Jumatano.

Akasikia kimya kirefu, kile anachokijua. Halafu mruko. Halafu mpira ukigonga mbao, na mingine ikitawanyika.

"Enhe?" Royston akasema.  "Umeona nini?"

"Mkono uko sawa," Dilwyn akasema. "Sioni tatizo. Ni mawazo tu, Roy. Umechoka."

 Royston alikuwa bado ameinama, fimbo mkononi, anamtazama moja kwa moja kutoka upande wa pili wa meza.

"Ulikuwa umefumba macho," akasema.

"Nina mechi Jumatano, Roy."

"Najua."

"Ni ile ya kuingia ndani. Kwenye taa. Ikipita tu Jumatano, naapa, nitakaa hapa mpaka—"

"Na mimi nilikuwa na mechi, Dil," Royston akasema. "Miaka miwili yote ile, nilikuwa na mechi."

Hakupaza sauti. Akazunguka meza akaanza kuipanga upya mipira myekundu, mmoja mmoja, kwenye mstari. Dilwyn alisimama pale muda fulani akisubiri kutukanwa. Alipoona hatukanwi, akachukua koti lake na fimbo yake, akashuka ngazi, akaenda kutafuta meza kwenye ukumbi wa kijiji cha pili.